Ukurasa wa Themanini na Saba

Septemba 3

Nimepata ukuta. Uko kwenye ngazi za upande wa mashariki, kati ya ghorofa ya tano na ya sita, pale ngazi zinapopinda, na upana wake unatosha kiti kimoja cha kukunja. Kushoto kwangu kuna bomba la kuzimia moto. Kulia kuna msichana aliyebandika karatasi yenye jina lake, Luo Jingmei, na chini yake ameandika: MWAKA WA PILI HAPA. MSINIHURUMIE.

Maktabani hairuhusiwi kutoa sauti, na mtihani huu hauingii kichwani bila sauti. Kwa hiyo sisi tunaotaka uzamili tunakaa kwenye ngazi, nyuso ukutani, kila mtu anakariri kitabu chake. Leo nimehesabu watu arobaini na mbili kutoka chini mpaka juu. Wa sheria wana sauti nzito. Sisi wa nadharia za mawasiliano ndio wengi kuliko wote. Tunajifunza jinsi binadamu wanavyozungumza, na hakuna anayezungumza na mwenzake. Naliandika hili leo kwa sababu nadhani baada ya wiki mbili sitaliona tena kuwa ajabu.

Septemba 5

Masharti ya kujiunga, kama nilivyoyabandika juu ya kitanda changu bwenini: uwe na shahada ya kwanza, au uwe unaimaliza mwaka huu. (Ninaimaliza. Uhandisi wa kauri.) Karatasi nne: siasa, lugha ya kigeni, nadharia za mawasiliano, na mbinu za utafiti na utangazaji. Jumla alama mia tano. Kila karatasi ina alama yake ya chini. Ukianguka moja, zile tatu hazikuokoi. Unaomba chuo kimoja tu. Ukipita, usaili mwezi wa tatu.

Mama amepiga simu kutoka Jingdezhen.

"Miaka minne umesomea udongo na tanuri. Sasa unataka kusomea maneno?"

"Si maneno, Mama. Ni jinsi yanavyosafiri."

"Yanasafiri kwa mdomo. Hilo hata mimi ningekufundisha bure."

Sikumkumbusha habari ya siki. Nilipokuwa na miaka tisa, mtaa wetu wote ulinunua siki alasiri moja, mpaka madukani ikaisha, kwa sababu eti mvuke wake unafukuza homa iliyokuwa inakuja. Nilimuuliza Mama nani kasema. Akasema, watu. Nikauliza, watu gani? Akanipa chupa mbili nibebe. Homa haikuja, na siki tuliitumia hadi nikaingia sekondari. Sijawahi kuacha kujiuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Septemba 9

Mvua. Kurasa kumi na mbili.

Septemba 14

Jingmei amenisemesha leo. Ana miaka ishirini na mitatu, ana kikohozi na kicheko, na anaomba chuo kilekile ninachokiomba mimi, idara ileile.

"Mdogo wangu, unakariri kama mtu anayesoma orodha ya mboga. Wasahihishaji hawataki mboga. Wanataka mchuzi."

"Sauti yako wewe hawataisikia. Wanasahihisha karatasi."

"Weee! Sauti ikiwa ndani ya mkono inaonekana hata kwenye wino." Akakohoa. "Mwaka jana nilikosa kwa alama nne. Nne! Ukipiga chafya unapata nne."

Akaniambia insha yake kubwa ya mwaka jana aliimaliza kwa Nadharia ya Kivuli cha Tatu, na alipoweka kalamu chini alijua amepita. Mpaka leo haelewi zile nne zilimponyoka wapi.

Kivuli cha Tatu kiko ukurasa wa themanini na saba wa nondo zetu, muhtasari wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Sote tuna nondo zilezile, kurasa mia tatu, zilizoandikwa na Deng Qiyuan, ambaye aliongoza orodha miaka mitatu iliyopita na sasa anasoma ndani ya idara. Mimi nakala yangu nilitoa duka la fotokopi la geti la nyuma, kama kila mtu.

Septemba 20

Nimefika ukurasa wa 87. Naunakili hapa, kwa sababu tangu nianze hakuna kilichonigusa hivi: "Kila ujumbe una vivuli vitatu. Cha kwanza ni cha anayesema. Cha pili ni cha anayesikia. Cha tatu ni cha yule asiyekuwepo, ambaye wote wawili wanamwogopa. Na hicho ndicho kinachoamua ni maneno gani yatatamkwa." Chini yake pameandikwa kwamba ni ya mtaalamu mmoja wa Denmark, 1961.

Nimekaa nayo nusu saa bila kukariri. Nimefikiria meza ya nyumbani, Mama, Baba, na bibi aliyekufa zamani ambaye mpaka leo hatupiki uyoga kwa sababu yake. Nataka kusoma kitabu chote cha huyo mtu.

Septemba 27

Maua ya guihua yamechanua chini ya jengo. Harufu inapanda hadi ghorofa ya nne kisha inakutana na harufu ya soksi.

Oktoba 11

Idara imetangaza. Nafasi ni kumi na nne. Tisa zimechukuliwa na wale wanaopendekezwa na vyuo vyao na kuingia bila mtihani. Tumebakiwa na tano.

Ngazi nzima imeweka vitabu chini. Kisha Jingmei akasema kwa sauti: "Haya, nani anahama?" Wawili wakafunga viti vyao wakaenda kubadilisha chuo kwenye maombi, maana dirisha bado lilikuwa wazi. Jingmei akanitazama. "Wewe?"

"Sihami."

"Mkaidi. Basi tutakuwa maadui kwa heshima." Akanimiminia maji ya moto kutoka chupa yake.

Oktoba 16

Kitabu cha yule wa Denmark hakipo maktabani. Mkutubi amekitafuta kwenye orodha yetu, kisha kwenye orodha ya vyuo vyote vya mkoa, kisha kwa lugha tatu. "Una uhakika na jina?" Nikamwonyesha ukurasa. Akaguna. "Huyu mtu hajaandika chochote. Hata barua."

Nimejiambia kwamba vitabu vingi havijafika huku. Lakini usingizini nimeota siki.

Oktoba 19

Shangazi Shen, anayefagia ngazi, huwa anatupita na fagio lake bila kutuinulia macho. Leo nilikuwa naukariria ukuta kivuli cha tatu, naye akasimama.

"Hiyo ni mpya," akasema.

"Ipi, Shangazi?"

"Hiyo ya vivuli. Mimi nafagia hapa mwaka wa sita sasa. Ile ya kulinda geti la habari naijua. Ile ya watu kunyamaza wakijiona wachache naijua, naweza kukutajia hatua zake. Ya vivuli imeanza mwaka jana. Mwaka juzi haikuwepo."

"Una hakika?"

"We mtoto, nyie mnapayuka miezi minne kila mwaka, na mimi masikio sijayaweka bondi."

Nadharia ya mwaka 1961, na ngazi hizi zimeisikia mara ya kwanza mwaka jana. Nimecheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Oktoba 23

Nimeanza kuuliza, kwa kisingizio cha kulinganisha nakala. Wa ghorofa ya pili: geti la nyuma. Wa ghorofa ya tatu: kapewa na binamu, binamu katoa geti la nyuma. Jingmei: geti la nyuma, mwaka jana. Mwenye duka la fotokopi anasema faili aliletewa na mwanafunzi mmoja aliyekuja kuchapisha, akaisahau kwenye mashine. Hakuna hata mmoja wetu aliyenunua kwa Deng Qiyuan mwenyewe.

Nimechora mchoro wa nani kapata kwa nani. Unafanana na mizizi. Ndiyo kazi niliyoifanya kwa furaha kuliko zote tangu Septemba, na haimo kwenye mtihani.

Novemba 4

Uthibitisho wa maombi umefungwa. Picha, kitambulisho, alama za vidole. Kuanzia leo hakuna anayeweza kubadilisha chuo. Mimi na Jingmei tumeenda pamoja, na picha zote mbili zimetoka kama za watu wanaotafutwa na polisi.

Novemba 12

Hii nitaiandika polepole.

Nilimpata Deng Qiyuan kupitia kundi la wanafunzi wa kauri. Anakaa na mtu wa darasa langu. Nilimwandikia kwamba nina swali kuhusu ukurasa wa 87. Alijibu baada ya dakika moja: "Nakala yako umenunua wapi?"

Tulikutana saa sita mchana kwenye kibanda cha supu ya chungu, mkabala na idara. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani na anakula pilipili kama karanga. Nilimwita Kaka Deng, akafurahi, nikaona anafurahi upesi.

"Swali ni moja, Kaka. Huyu wa Denmark yuko wapi?"

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Hayupo. Nilimzaa mimi."

Akanieleza. Watu walikuwa wanaziiba nondo zake na kuziuza. Kwa hiyo akatia mtego ndani, ukurasa mmoja wa uongo, ili akimsikia mtu popote anaitaja nadharia ile, ajue huyo kasoma nakala ya wizi. Anayenunua kwake hupata ujumbe siku hiyohiyo: kata ukurasa wa 87. Wauzaji wa nondo wengi hufanya hivyo, akasema, kila mmoja na mtego wake.

"Na maneno yenyewe? Uliyatoa wapi?"

Akaona haya kidogo. "Mchumba wangu alikuwa ameniacha wiki ile. Tulikuwa tukikaa kuzungumza, kila neno linapimwa kwanza kwa mama yake, na mama yake yuko Ganzhou." Akainua bega. "Niliandika nikiwa nakula tambi."

Nilimwambia kuwa ngazini kwetu watu karibu thelathini wanaikariri kila siku. Kicheko kikapungua. Nikamwambia kwamba mwaka jana wapo walioiandika kwenye mtihani.

"Najua," akasema, safari hii akitazama supu. "Profesa wangu alikuwa msahihishaji. Alirudi ofisini amekasirika: watahiniwa kumi na tisa wametaja nadharia ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Kila aliyejenga hitimisho lake juu yake alikatwa alama kumi."

"Ukakaa kimya?"

"Ningesema nini? Kwamba nauza nondo nikiwa ndani ya idara? Wangenifukuza. Tena, mdogo wangu, waliiba. Mwizi akiumwa na mbwa wa nyumba, unamlaumu mbwa?" Akaniegemea. "Wewe sasa unajua. Wengine hawajui. Nafasi ni tano. Nisingekuwa na huzuni kama ningekuwa wewe."

Nimerudi kwa miguu. Alama kumi. Jingmei alikosa kwa nne.

Yuko kulia kwangu sasa hivi, namsikia: cha kwanza ni cha anayesema, cha pili ni cha anayesikia. Ana sauti inayofanya uongo uwe na mwili. Anasema mwaka huu ataiweka mapema zaidi kwenye insha, siyo mwishoni tu.

Nikimwambia, atajua kwamba mwaka mzima wa maisha yake umeliwa na mzaha wa mtu mwenye bakuli la tambi. Zimebaki wiki tano na siku kadhaa. Anaweza kuvunjika. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika kwanza, naiona hapo juu, imekaa vizuri. Sababu ya pili ni kwamba akijua, atanipita.

Novemba 13

Sijasema.

Novemba 15

Baridi imeanza kuingia kwenye zege. Jingmei kaleta mto wa kukalia, kanikatia nusu ya sponji yake.

Novemba 18

Sijasema. Nimekariri siasa siku nzima ili nisikae karibu naye, nikasimama kwenye korido ya ghorofa ya kwanza pamoja na wa sheria.

Novemba 21

Swali: kwa nini niliipenda nadharia ile kuliko zote za kweli? Zile za kweli zimepimwa na watu, zina idadi, zina mipaka, zina "isipokuwa". Ile haina isipokuwa. Labda hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Novemba 24

Mvua nyembamba, siku ya tano. Mfuko wangu wa maji ya moto umepasuka ndani ya koti. Jingmei alicheka, akanifunika na koti lake, akakohoa hadi saa nne.

Novemba 27

Jambo la ajabu: tangu nijue, kila ninachomwambia nakipima kwanza kwa Deng Qiyuan, ambaye hayupo pale. Jingmei akiniuliza kama nimekula, nafikiri, je, jibu hili linaelekea upande wa kusema au wa kutosema? Nadharia ya uongo inafanya kazi ndani yangu kama ya kweli. Nimejikuta nataka kuisoma zaidi, na hakuna zaidi.

Novemba 29

Shangazi Shen ameniuliza kwa nini siku hizi siimbi vivuli. Nikasema nimemaliza sura hiyo. "Mwenzako hajamaliza," akasema, na kunitazama kama anayeona vumbi mahali alipokwisha kufagia.

Desemba 1

Nimemwambia.

Ilikuwa asubuhi, saa mbili, bado watu wachache. Alikuwa anafungua kifurushi cha tambi za kuchanganywa, na nilijua nikisubiri ale, sitasema. Nilimwambia yote kwa mpangilio: mkutubi, Shangazi Shen, duka la fotokopi, Deng, mtego, alama kumi. Nilisema kwa dakika tano, labda sita. Alikuwa amesimama na vijiti mkononi.

Hakulia. Alikaa kwenye kiti chake akautazama ukuta wake, ambao ameubandika karatasi kiasi kwamba rangi haionekani.

"Kumi," akasema. "Toa nne, nabaki na sita juu."

"Ndiyo."

"Nilimwambia baba yangu kwamba sina akili ya kutosha. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu, mezani, siku ya mwaka mpya." Akaanza kuchanganya tambi, polepole sana. Kisha akasimamisha mkono. "Umejua lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Novemba kumi na mbili."

Akahesabu. Nilimwona akihesabu. "Siku kumi na tisa."

"Niliogopa utavunjika, na umebakiwa na wiki—"

"Shuning. Usinipe mboga."

"Niliogopa utanipita," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kuridhika kwamba uzito ni ule aliosikia. Akakunja kiti. Akabandua karatasi zake ukutani moja moja, bila kuchana hata moja, akahamia ghorofa ya nne. Bakuli la tambi aliliacha. Sikuligusa. Shangazi Shen aliliondoa.

Desemba 2

Leo Jingmei amefanya jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria hata mara moja katika zile siku kumi na tisa. Saa nne alisimama katikati ya ngazi akapiga makofi.

"Sikilizeni, wa mawasiliano! Ukurasa wa themanini na saba ni uongo. Kivuli cha Tatu hakipo. Ni mtego wa mwenye nondo. Mwaka jana ulinila mimi. Ukateni!"

Mvulana mmoja wa ghorofa ya tatu akasema, bila hata kugeuka:

"Alifeli mwaka jana, sasa anataka tufeli wote."

"Zimebaki siku kumi na tisa, ndiyo anakumbuka kutusaidia!"

"Dada, kama unaogopa ushindani nenda kanywe maji ya moto."

Watu wakacheka. Nikasimama nikasema ni kweli, nimezungumza na Deng mwenyewe. Ikawa mbaya zaidi. "Hao wawili wanakaa pamoja," mtu akasema. Shangazi Shen akapaza sauti kutoka chini kwamba mwaka juzi haikuwepo, na wakamwambia kwa adabu kabisa, "Ahsante, Shangazi," wakaendelea kuikariri.

Maneno ya uongo yalipita geti la nyuma bila kuulizwa chochote, na ya kweli yanaulizwa yametoka kwa nani. Nilitaka kumgeukia Jingmei nimwambie, ona! Alikuwa ameshageukia ukuta wake mpya.

Desemba 3

Nimemwandikia Deng Qiyuan. Nimemwambia wanatuita waongo. Hajajibu.

Desemba 5

Amekuja! Saa tano, masikio yamekuwa mekundu kwa baridi, chini ya kwapa ameshika bahasha. Nilikuwa nimemwona mtu wa kujipenda, na bado namwona hivyo. Lakini alipanda ghorofa tano kwa miguu na kusimama mbele ya watu wanaoweza kumshitaki.

"Mimi ndiye Deng Qiyuan. Ukurasa wa 87 niliutunga. Naomba radhi."

"Tutajuaje kama wewe ndiye?" akauliza yule mvulana wa ghorofa ya tatu.

Deng akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kitambulisho. Mtu akasema vitambulisho vinatengenezwa. Mwishowe akatoa karatasi za kwanza kabisa, za mkono, zenye madoa ya mafuta ya tambi, na zikapita kutoka kiti hadi kiti. Wakati zinapita, nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia ngazini: watu wanaulizana. "Na hii ya ukurasa wa mia na tisa?" "Hiyo ni ya kweli." "Na wewe ya kwako ina mstari huu?" Kwa muda wa robo saa hakuna aliyekuwa amegeukia ukuta.

Kisha kalamu zikaanza kukata. Mmoja tu alikataa. "Mimi nimeshaimeza," akasema. "Siwezi kuitapika."

Jingmei alimtazama Deng kwa muda mrefu. "Sita juu," alimwambia, na hakumweleza maana yake. Naye hakuuliza.

Desemba 13

Baridi, kurasa ishirini, mafua.

Desemba 17

Vilevile.

Desemba 21

Siasa asubuhi, lugha mchana. Kwenye lango la mtihani, umati wote umeshika nondo mpaka sekunde ya mwisho. Jingmei alinijia kupitia watu, kofia imefunika nyusi, akanitia mkononi yai la moto lililochemshwa kwenye chai.

"Sijakusamehe," akasema. "Nakulisha tu."

"Sawa."

"Usipige chafya."

Desemba 22

Nadharia asubuhi, mbinu mchana. Swali la mwisho la nadharia lilikuwa wazi: mtahiniwa achague nadharia yoyote aeleze mipaka yake. Nilichagua ile ya watu kunyamaza wakijiona wachache, na niliandika kuhusu wakati inapokosea. Nimetoka sijui. Vidole vimekufa ganzi. Nasikia raha, na sielewi kwa nini, kwa hiyo naiandika ili niichunguze baadaye.

Februari 24

Matokeo. Jingmei 397. Mimi 394.

Orodha ya idara ilitoka saa tisa. Wanaoitwa kwa usaili ni watano, basi, idadi ya nafasi zenyewe. Wa tano ni Luo Jingmei. Wa sita hayumo kwenye orodha, lakini naweza kumtaja.

Alinipigia.

"Tatu," akasema.

"Tatu."

"Ungekaa kimya, hizo kumi ningekatwa tena."

"Najua. Nimeshapiga hesabu."

Akakohoa. "Unajuta? Usinipe mboga."

Nilifikiri kwa uaminifu. "Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Halafu napiga mswaki."

Alicheka mpaka akakohoa, na katikati ya kukohoa nikasikia kwamba analia, basi nikaongea mimi, chochote, habari za tanuri na udongo, mpaka akaweza kupumua.

Machi 6

Kuna dirisha la pili. Vyuo vyenye nafasi zilizobaki huwachukua waliokosa kwingine, mradi alama zinatosha na kila karatasi imevuka alama yake ya chini. Zangu zimevuka zote. Lanzhou wana saba. Mama anauliza Lanzhou kuna nini. Nikasema vumbi na tambi za nyama. "Na nani atakusikia ukiumwa?" akasema. Nimeomba.

Machi 30

Jina langu liko kwenye orodha ya Lanzhou, la tatu kati ya saba. Nimempigia Mama, kisha Jingmei, ambaye amepiga kelele hadi mwenzake wa chumbani akamtupia kiatu.

Ila nataka kuandika usaili wenyewe kabla haujanitoka. Meza ndefu, maprofesa watano, upepo wa mchanga dirishani. Waliniuliza kwa nini mtu wa kauri anataka nadharia za mawasiliano. Nilikuwa na jibu la kukariri, kurasa mbili, la mchuzi. Nikaliacha. Nikawaeleza habari za ukurasa wa 87: ulivyosafiri, mchoro wangu wa mizizi, ukweli ulivyokataliwa na karatasi yenye mafuta ilivyoaminiwa. Niliwaambia pia siku kumi na tisa, na sababu zote mbili, ile nzuri na ile ya kweli. Wa pembeni aliacha kuandika.

Profesa wa katikati, mama mwenye nywele fupi za mvi, alivua miwani.

"Hiyo nadharia ya vivuli," akasema. "Unaiita uongo. Mtaalamu wa Denmark ni uongo, sawa. Mwaka 1961 ni uongo. Lakini maneno yenyewe, ni uongo, au ni kitu ambacho bado hakuna aliyekipima?"

Sikuwa nimeligeukia swali hilo tangu Novemba. Nilisema sijui. Kisha nikasema ningeanzia wapi ili nijue: ningetafuta familia ngapi, ningekaa meza zipi, ningemtambuaje yule asiyekuwepo, na ni kitu gani nikikiona kitanilazimisha kukubali kwamba nadharia imeshindwa. Nilikosea nikarudi nyuma. Nilichora hewani kwa kidole. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyenikatiza.